Taja Jina

Mwaija wa Mbegani alikuwa hodari wa kusuka ukili. Aliweza kusuka huku anasinzia. Lakini tangu mimba ya pili ilipoingia, vidole vilimpotea, ukili ukaenda upande kama kaa.

"Unasuka mkeka au unasuka nyoka?" aliuliza Bi Ashatu, mama mkwe wake.

"Naogopa, mama."

Bi Ashatu alijua anachokiogopa. Katika uzazi wa kwanza, Mwaija alishikwa na uchungu humo humo nyumbani, na mtoto hakutoka. Wazee wa kike wakasema, mke akishindwa kujifungua, ana mwanamume wa nje. Asipomtaja, mtoto hatoki.

"Mtaje! Mtaje!"

Kutwa kucha walimhoji. Hakuna aliyefikiri kumpeleka hospitali. Mwaija hakuwa na wa kumtaja, lakini maumivu ni maumivu. Akamtaja Mzee Ausi, muuza tumbaku, asiye na jino hata moja. Mtoto akatoka, lakini hakuwa hai.

Pazi, mumewe Mwaija, hakuliamini neno lile. Aliyeliamini ni Mzee Ausi peke yake. Alianza kupaka ndevu mafuta.

Safari hii Pazi alisema, "Mama, mke wangu nampeleka mjini akapimwe."

"Mimi nimezaa sita hapa hapa."

"Nami ni mmoja wao, mama, ahsante. Lakini Mwaija si wewe."

Bi Ashatu akajitanda kanga. "Basi nami naenda. Nikaone huko wanampapasa vipi mkwe wangu."

Huko hospitali, Bagamoyo mjini, walipokewa na mkunga, Bi Sada.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwaija.

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Taja jina."

Mwaija akaapa. "Wallahi sina."

"Huna jina?"

"Sina mwanamume. Yule mzee nilimsingizia tu."

Bi Sada akaweka kalamu chini. Ikabidi Bi Ashatu aeleze yote, kwa sauti ndogo ambayo kwao Mbegani hawakupata kuisikia.

Mkunga hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Akampima Mwaija nyonga, akampapasa tumbo.

"Sikilizeni," alisema. "Nyonga zake ni nyembamba. Kichwa cha mtoto wa kwanza kilikwama. Nyonga haijui nani kalala na nani. Lau mngemleta hapa mapema, pengine yule mtoto leo angekuwa anawamwagia uji."

Bi Ashatu akatazama sakafu.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza Mwaija.

"Uje upimwe kila nitakapokuita. Siku zikikaribia, hamia mjini kwa ndugu, usingoje uchungu ukukute mbali. Ukianza, tutautazama. Mtoto akishuka, utazaa kwa njia ya kawaida. Asiposhuka, daktari atakupasua. Utalazwa usingizi kwanza."

"Kisu nakiogopa."

"Na kuzalia nyumbani?"

Mwaija alifikiri. "Nyumbani naogopa zaidi. Nitakuja. Mama aweza kukaa nami?"

"Akae," alisema Bi Sada. "Ila asihoji."

Mwezi wa mwisho Mwaija alihamia kwa shangazi yake, nyuma ya hospitali. Uchungu ulimshika alfajiri, yeye na Bi Ashatu wakaenda hospitali kwa miguu. Jua lilipopanda, Bi Sada alimpapasa tena.

"Kichwa bado kiko juu," alisema. "Hakijakwama, lakini hakishuki. Wasemaje mwenyewe?"

Bi Ashatu alimfuta mkwewe jasho. Alikuwa na mengi ya kusema, akayameza.

"Nipasueni," alisema Mwaija. "Nilingoja mara ya kwanza, nikaona mwisho wake."

Alipozinduka, kiu ilikuwa imembana. Karibu naye kichanga alikuwa analia.

"Wa nani huyo?"

"Wako," alisema Bi Ashatu, amempakata mtoto. "Wa kike. Analia tangu adhuhuri, hana adabu hata kidogo."

Mwaija akacheka. Mshono ukamuuma, akacheka hivyo hivyo.