Kitabu Kilisema "Mwanamume", Mimi Nikaamini

Nina miaka arobaini na moja, naishi Boko, peke yangu. Wasomaji wenzangu, najua wengine mtanilaani kabla hamjafika mwisho. Nilaanini tu... lakini kwanza mjue nilichomfanyia Salma.

Wakati huo nilikuwa karani wa wakili mmoja huko Temeke. Kazi yangu ilikuwa kuchapa viapo, kupanga majalada na kufuta vumbi vitabu vya sheria. Salma alikuwa akipiga msasa na kupaka vanishi makochi pale Keko, mwanamke peke yake katikati ya mafundi. Kwao ni Mtwara. Tulipanga chumba kimoja na majirani tuliwaambia sisi ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Hatukuwa ndugu. Tulikuwa tunapendana, na sijawahi kuishi miaka mizuri kama ile!

Siku moja kazini nilifungua kitabu kikuukuu cha makosa ya jinai. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini Kiingereza cha sheria kilikuwa hakinipigi chenga. Nikakuta kifungu cha vitendo vya aibu baina ya watu wa jinsia moja, kinasema "mwanamume yeyote". Nikakisoma mara tatu. Mwanamume! Wakoloni waliokitunga walitusahau wanawake, au labda walidhani mambo hayo hatuyawezi. Nilirudi nyumbani nacheka, nikamwambia Salma hakuna sheria inayotugusa.

Yeye hakucheka. "We soma vitabu vyako," aliniambia, "ila mdomo ufunge."

Niliufunga? Wapi!

Haikupita miezi mingi mama mwenye nyumba akatushtaki serikali ya mtaa kwamba tunaishi kama mke na mume. Tukaitwa. Tulipoulizwa, Salma alijibu kwa upole kwamba sisi ni ndugu, na mtendaji alikuwa ameshaanza kumwona mama wa watu mzushi. Ingeishia pale... Lakini mimi nilikuwa nimechoka kudanganya, na kusema ule ukweli, nilitaka pia kujionyesha msomi. Nikasimama. Nikawaambia hatuna kosa, sheria inawataja wanaume tu, na kama wanabisha wanipe karatasi niwaandikie.

Wakanipa! Nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa ukarani, mistari imenyooka, kwamba mimi na Salma tunaishi kama wapenzi na hatujavunja sheria yoyote. Salma alinivuta gauni chini ya meza. Nikautoa mkono wake, nikatia saini.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa kituo cha polisi.

Yule wakili niliyemfanyia kazi alikuja na nakala mpya ya sheria chini ya kwapa. "Binti, ulikuwa unasoma kitabu kilichokufa," alisema. "Bunge lilishabadilisha zamani. Siku hizi imeandikwa mtu yeyote."

Mtu! Akaniambia wenzetu wa Zanzibar ndio kabisa, wao kosa la wanawake wameliandika kwa jina lake. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukibandika marekebisho, na sikuuliza. Kwa nini sikuuliza?

Halafu akaniwekea karatasi ya pili mbele yangu. Ilisema Salma ndiye aliyenirubuni, na kwamba yale ya mwanzo niliyaandika kwa kumwogopa yeye. Ulikuwa uongo mtupu. Nikatia saini. Niliogopa jela, niliogopa mama yangu kusikia... Jioni ile ile niliachiwa.

Salma alikaa mahabusu siku sita, mpaka kaka yake alipofika kutoka Mtwara. Kesi haikufika mahakamani, lakini hakurudi chumbani kwetu. Nguo zake alikuja kuzichukua huyo kaka, na salamu yangu hakuiitika.

Mpaka leo sijapata amani. Nikisikia harufu ya vanishi nageuka kumtafuta. Nikilala namwona ameketi mbele ya askari, anasomewa ile karatasi ya pili. Ninapiga kelele kwamba si kweli, na hakuna anayenisikia.

Mwaka jana nilikwenda Keko kununua kabati. Nikamwona! Amevaa ushungi, amemshika mkono mtoto wa kike, mumewe anapatana bei na fundi. Macho yetu yakagongana. Nilitaka kumwangukia miguuni palepale.

Salma ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepishana na mzee asiyemfahamu, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini, mbele ya mumewe?

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukitaka kuwa jasiri, uwe jasiri kwa jina lako peke yako. La mwenzako usiliandike popote, hata uwe na uhakika gani na sheria, mpaka akuambie mwenyewe kwamba andika. Na siku ukiogopa, ogopa bila kumbebesha mwingine.

Salma si jina lake. Hilo angalau nimejifunza, lakini nimechelewa mno.