Uzito Juu ya Mizani Tupu

Siku ya soko mjini Embu, duka la vifaa vya elektroniki hujaa hadi mlangoni. Karwirwa alikuwa ameegemea kaunta katika rinda lake la manjano, akimwambia muuzaji kwa mara ya tatu kwamba hataki chaja, anataka bodi yenye chipu ya waifai. Ikaletwa moja, ya mwisho. Mkono mwingine ukaifikia kabla ya wake.

"Pole, dada. Hiyo naiomba sana." Alikuwa kijana mrefu, koti lake la bluu limepauka mabegani na linanuka maganda ya kahawa.

"Unajua hata inafanya nini?"

"Sijui. Najua tu yetu imekufa, na lazima iamke."

Alilitamka neno hilo la mwisho kwa namna iliyomfanya Karwirwa amtazame mara mbili. Aliitwa Gachoki, karani wa kiwanda cha kahawa karibu na Karurumo. Radi ilikuwa imeunguza bodi ya mizani yao, ile inayotuma kilo za mkulima ofisini bila waya. Karwirwa, mzaliwa wa Muthara kule Meru, alikuwa fundi wa vitu hivyo hapo mjini, na huruma yake ilikuwa kubwa kuliko alivyopenda watu wajue. Akamwachia bodi, kisha akajitolea kuifunga mwenyewe.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka subira. Programu inayoendesha chipu ya waifai, ambayo mafundi huiita draiva, ni ileile kila mahali, lakini kila mtambo umeunganishwa kivyake. Lazima draiva iambiwe kwa faili ndogo: pini gani inaiwashia chipu umeme, pini gani chipu hutumia kuita, saa yake inapiga kwa kasi gani. Fundi mwenye subira hupima pini moja moja kwa mita ya umeme. Karwirwa alitaka kumfurahisha kijana yule upesi, akafanya wanachofanya mafundi wengi. Kadi ya kumbukumbu ya bodi ya zamani ilikuwa imepona radi, akanakili faili yake nzima bila kuisoma mpaka mwisho. Mizani ikaamka. Gachoki akageuka ukutani akafuta macho, na Karwirwa akadhani ni vumbi.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu zikaanza, asubuhi na mchana.

"Naambiwa nyinyi Wameru mna hasira karibu sana," Gachoki alimtania siku moja.

"Hasira yetu inakuja na inaenda, mpenzi mwendwa. Nyinyi wa Embu mnanyamaza tu mpaka mtu azeeke akingoja."

Gachoki alicheka. Na kila jioni, ikikaribia saa kumi na moja na nusu, aliaga haraka na simu yake haikupokewa tena hadi giza liingie.

Katika mwezi wa pili wa simu hizo Karwirwa aliamua kumshtukiza kwa sweta aliyomnunulia. Alifika kiwandani wakulima wamekwisha kwenda, ukungu umeshuka hadi kwenye mapipa. Sauti ya Gachoki ilitoka chumba cha mizani, laini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Umefika, mwendwa? Leo umechelewa kidogo."

Karwirwa akachungulia. Gachoki alikuwa peke yake, ameketi juu ya magunia. Taa ya waifai ilipepesa bluu na mizani ilisoma kilo 52.4. Juu ya ubao wake hapakuwa na kitu, hata gunia. Simu mkononi mwa Gachoki iliwaka jina moja: Wanjugu.

Nywele zilimsimama Karwirwa, lakini wivu una sauti kubwa kuliko woga. Akauliza Wanjugu ni nani. Gachoki akaificha simu mfukoni. Karwirwa akaiacha sweta sakafuni, akaenda zake.

Kwa wiki nzima alizikata simu za Gachoki, na kila usiku alilia. Aliyefaulu hatimaye kumpata kwa simu ni Susan, karani mwenzake Gachoki. Susan alimweleza kwamba Wanjugu ndiye aliyeifunga mizani ile mara ya kwanza, na alikuwa aolewe na Gachoki. Homa ya mapafu ilimchukua miaka mitatu iliyopita. Kila jioni baada ya kazi alikuwa akipanda mizani kwa utani, akimwambia mchumba wake kwamba akikonda, wa kulaumiwa anajulikana.

Karwirwa akaifungua nakala yake ya ile faili. Mwisho kabisa, chini ya pini na saa, palikuwa na mistari miwili: chipu iamke saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, na ijitangaze kwenye simu zilizo karibu kwa jina la Wanjugu. Basi jina na saa vilikuwa vimejulikana vilikotoka. Aliisoma tena kutoka juu, mara tatu, akitafuta kilo 52.4. Uzito haukuwemo mahali popote.

Kesho yake mchana alirudi Karurumo na mita yake.

"Ulinipa kazi hii ukijua?"

"Nilijua," Gachoki alisema. "Radi ilipopiga nilimzika mara ya pili. Wewe ukamrudisha, halafu nikakupenda wewe. Nikaogopa ungesema nina wazimu."

"Mimi nakupenda, Gachoki. Lakini siolewi na mwanaume mwenye miadi kila jioni."

Gachoki aliigeukia mizani. "Futa," akasema. "Andika yako. Halafu nikuoe, ukikubali."

"Nitakujibu saa kumi na moja na arobaini."

Alipima pini moja moja, Gachoki akimshikia waya. Akaandika faili mpya, isiyo na saa ya kuamka wala jina la mtu. Waliijaribu kwa debe la kahawa, ikatuma sawasawa. Kisha Karwirwa akachomoa waya wa umeme ukutani, wakaketi juu ya magunia.

Saa ilipofika, taa ya bluu iliwaka. Mizani ikasoma 52.4.

Gachoki hakuitazama. Alikuwa akimtazama Karwirwa.

"Dada," Karwirwa akaiambia mizani, "huyu nitamtunza. Shuka tu polepole."

Ubao ukalia. Namba zikashuka hadi 30.1, zikasimama hapo kama mtu aliyetanguliza mguu mmoja chini. Kisha sifuri, na taa ikazimika.

Gachoki alilia bila kujificha. Baadaye aliuliza kama hilo ndilo jibu lake.

"Hapo nimemjibu yeye," Karwirwa akasema. "Wewe niulize tena tukitoka nje."

Alimuuliza kabla hawajafika langoni.