Mkono Uliokatazwa

Siku Émilienne alipokutana na Fabien, nusu ya soko la Bunia ilimsikia akiuliza habari za bangi.

Ilikuwa kwenye nyumba ya phonie, kibanda cha mbao kando ya soko. Vita ilikuwa imefunga barabara, kwa hiyo mtu mwenye ndugu Beni au Mahagi alikuja pale kuzungumza naye kwa redio. Phonie haina siri. Unapiga kelele ndani ya mikrofoni, unasema "à toi" ili mwenzako ajibu, na foleni nzima nyuma yako inasikia mambo ya nyumbani kwako. Asubuhi ile wafanyabiashara walikuwa wakisukumana, jasho lao likichanganyika na harufu ya samaki wa chumvi. Émilienne alivaa kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano, na blauzi iliyombana kiunoni kana kwamba mshonaji alikuwa na ugomvi naye. Alimwita profesa wake aliyekimbilia Beni.

"Profesa, wanasema wakivuta bangi na kunywa pombe kali ya kaikpo juu yake, wanaona risasi zinakuja polepole kama inzi. Niandike vile vile? À toi."

Foleni ikaangua kicheko. Mwenye phonie, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, akasogeza kisikilizio kutoka sikio moja.

"Mademoiselle, leo mangaribi padri atakuja kwako kukuombea."

"Na ni weye utamuonyesha nyumba?"

"Ukinielekeza, nitaijua."

Akaelekezwa. Padri hakuja, alikuja Fabien.

Émilienne alikuwa mwanafunzi wa saikolojia, mwaka wa mwisho. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu kile ambacho pombe, bangi na vidonge hufanya ndani ya kichwa cha mtu anayekwenda kupigana. Dada yake Chantal, aliyeishi naye mtaa wa Saio, alimsihi achague kitu kingine, hata ugonjwa wa mihogo. Alikataa. Kila siku alikwenda kwenye zahanati moja ya mtaani walikotibiwa wapiganaji waliojeruhiwa, akawauliza swali moja: ulikunywa nini, na uliona nini? Hakuandika mbele yao. Karatasi ya namna ile ingeweza kumuua kwenye kizuizi cha wenye bunduki barabarani, basi aliyabeba yote kichwani.

Walimwambia kwamba adui hugeuka mbuzi. Kwamba mguu ukivunjika huusikii, unashangaa tu kwa nini unaanguka. Kwamba baadaye, dawa ikikutoka, wale mbuzi wanarudi na sura za watu. Na wote walisimulia masharti. Kabla ya kwenda vitani, mzee wa dawa anawaogesha kwa maji ya majani na kuwachanja kifuani, kisha anawakataza: usiguse mkono wa mwanamke, usipokee kitu kutoka mkononi mwake, usiangalie nyuma. Anayevunja, maji yake yamekufa. Huyo anaachwa, maana akienda atawavutia wenzake risasi. Émilienne alizoea masharti hayo mpaka hakuyafikiri tena. Akimletea mgonjwa maji, aliweka kikombe sakafuni na kusogea.

Fabien alimtania. Alisema anauliza Bunia yote isipokuwa yeye.

"Haya, nakuuliza. Ukikunywa unaona nini?"

"Bia mbili tu, naona weye uko wawili."

"Na sisi wawili tunasema nini?"

"Wote wawili munanikatalia. Nalala na huzuni mara mbili."

Alikula sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, kutoka vidoleni mwa Émilienne, akitaka alishwe kama mtoto. Alipokwenda Mahagi kwa njia za panya kutafuta betri, alimpigia kwa phonie, akamwambia anampenda, à toi, na Émilienne, huku foleni ikimtolea macho, aliweza tu kuuliza kama amekula. Kufunga mazungumzo, watu wa phonie husema "terminé". Fabien hakumwambia neno hilo hata mara moja. Alisema kati yao hakuna kufunga.

Kisha wenye bunduki walikuja na gari, wakapakia mashine, antena na Fabien mwenyewe. Habari ikafika kwamba yuko hai, anawafanyia kazi kwenye kambi ya upande wa Ngezi.

Jumapili moja alikuja. Émilienne alimkimbilia mlangoni na Fabien akarudi nyuma hatua nzima. Macho yake yalikuwa mekundu, hayatulii. Shati lilikuwa lile lile jeupe, lakini chafu, limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile. Alinuka majani yaliyooza. Émilienne akamletea sombe.

"Weka chini," alisema Fabien. "Nitakula baadaye."

"Chini? Weye umekuwa mubwa?"

"Weka chini, sheri. Nakuomba."

Émilienne alinyoosha mkono amshike shavu. Fabien akaukwepa kama moto. Chantal alikuwa tayari amesikia sokoni kwamba wanaume wa kambi wanagawiwa wasichana, na maneno hayo yakapanda yote kichwani mwa Émilienne. Akamuuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Fabien akaishika kola ya shati lake. Mzee wa dawa alikuwa amekataza hata kuyataja masharti kabla ya vita.

"Basi rudi kwake," Émilienne alisema. "Terminé."

Fabien alimtazama kama mtu aliyepigwa. Akatoka bila kugeuza kichwa, na Émilienne akachukia hata hilo, kwamba hakuangalia nyuma.

Kesho yake alikwenda zahanati na macho yamevimba. Mgonjwa mmoja, mpiganaji aliyeitwa Davy, aliomba maji. Émilienne akamletea, akainama kuweka kikombe sakafuni, na mkono wake ukabaki hapo hapo juu ya sementi.

Weka chini. Kifungo cha shingoni, cha kuficha chale. Alikuwa amewauliza watu wote wa mji ule, na kwa mtu wake mwenyewe aliuliza jina la mwanamke tu.

"Davy," alisema, "ule wa phonie, wamemuogesha?"

"Zamani. Iko anatembea na mukubwa mbele kabisa, antena ku mugongo." Davy alicheka kidogo. "Antena adui wanaipigaka ya kwanza, mama. Wanatoka leo, barabara ya Nyankunde."

Émilienne aliacha kikombe pale.

Wapiganaji walikuwa wamejipanga kwenye njia panda, jua likiwa kali, majani vichwani, chupa ya kaikpo ikipita kutoka mdomo hadi mdomo. Maduka yalikuwa yamefungwa. Fabien alisimama mbele, antena ikiyumba juu yake, akitabasamu bila kumtabasamia mtu. Émilienne alijua anaona nini. Fabien aliona inzi, si risasi.

Alipita katikati yao akitembea, kwa sababu anayekimbia hupigwa risasi. Akafika, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akambusu mdomoni mbele ya bunduki zote zile.

Tabasamu la Fabien likaanguka.

"Umeniua," alinong'ona. "Émilienne, umeniua."

"Nyamaza. Nishike."

Kamanda akaja, bastola mkononi. Alimwambia Fabien asonge mbele, phonie haiwezi kwenda peke yake. Lakini wale wa nyuma walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, na nafasi tupu ilizidi kukua kumzunguka Fabien. Kamanda akarudia amri. Hakuna mguu uliosogea. Mzee wa dawa akatema mate chini.

"Maji yake yamekufa. Ukimuua hapa, damu yake itafuata batoto wako wote vitani. Muache."

Kamanda akakata mikanda ya mashine mgongoni mwa Fabien kwa kisu. Kisha akamsogelea Émilienne, karibu sana, pumzi yake ikinuka pombe.

"Tukirudi wazima, tutamukamata tena, tutamuogesha upya. Tukirudi na maiti, tutakutafuta weye."

Wakaondoka wakiimba.

Nyumbani, dawa ilianza kumtoka Fabien. Alitetemeka chini ya blanketi mchana kweupe, jasho likilowesha mkeka. Alikasirika, akalia, akaomba maji. Émilienne alimpa kikombe mkononi, na Fabien akakipokea, vidole vyake juu ya vidole vya Émilienne, akanywa.

"Uliona nini?" Émilienne aliuliza. Safari hii hakuuliza kwa ajili ya profesa.

"Nilikuona weye. Uko mbali, nakuita, nasema à toi, à toi. Unajibu lile neno la Jumapili."

"Sitalisema tena."

"Ukubali nikuoe," alisema Fabien, meno yakigongana. "Sina kitu, hata phonie sina. Lakini ukubali nikuoe."

"Ndiyo. Unaweza kutembea?"

"Sasa hivi hapana."

Chantal alikuwa tayari anafunga sufuria na nguo ndani ya shuka. Walikubaliana kushika njia ya Mahagi mara tu miguu ya Fabien itakapokubali. Émilienne akakaa chini kando yake, akamshika mkono, akasikiliza. Upande wa Nyankunde bunduki zilikuwa zimeanza. Mwanzoni zililia mbali sana, kama mahindi yanayokaangwa nyumba ya jirani. Fabien aliubana mkono wake. Zililia tena, na safari hii zilikuwa karibu zaidi, zikirudi upande wa mji.