Shamba Safi la Ngassa

Katika kata ya Nyabusozi, wilayani Biharamulo, hapakuwa na shamba safi kama la Ngassa. Kila mwaka, kiangazi kilipokomaa, Ngassa na mkewe Nyamizi walikusanya mabua yote ya mahindi. Waliyalundika, wakayachoma moto. Kisha walifagia hata majani yaliyobaki. Shamba likawa jekundu na tupu, kama uwanja wa nyumba siku ya harusi. Wapita njia walilisifu. "Hapa analima Msukuma kweli," walisema. Ngassa alijifanya hasikii, lakini tabasamu lilimsaliti.

Mwaka huo alisafisha kupita kiasi. Kwenye mpaka wa shamba palikuwa na shimo la sungusungu, wale wadudu weusi wanaotembea kwa mstari na kuuma kama sindano. Walimuuma ndama wake, ndama akaruka, akakata kamba. Ngassa alikasirika. Alimwaga mafuta ya taa katika shimo lile, akawasha kiberiti.

"Sasa shamba limetakata," alisema, akajipangusa mikono.

Mvua za vuli zilinyesha vizuri. Mahindi yakaota, yakanenepa, yakampita Nyamizi kiuno. Kisha mvua ikakatika kwa muda, na jua likawaka kwa ukali.

Asubuhi moja Nyamizi alikuwa akichuma majani ya maboga katikati ya mistari. Aliona bua moja limelala. Aliliinua, akaona limekatwa chini kabisa. Shina lilikuwa limepakwa udongo mwembamba. Alipoukwangua kwa kucha, mchwa walitawanyika. Aliangalia mbele, akaona bua jingine limelala, na jingine, na jingine.

"Baba Diana!" aliita. "Baba Diana, njoo uone!"

Ngassa alikuja na jembe begani. Aliyapitia mabua yaliyolala, moja baada ya jingine. Hatimaye aliketi juu ya mpini wa jembe lake.

"Mwaka jana walikula pembeni," alisema. "Mwaka huu wameingia katikati. Ardhi hii imetuchoka, Mama Diana. Tukivuna vibaya, tunahama. Nasikia huko kusini kuna ardhi mpya."

Moyo wa Nyamizi ulishtuka. Alikuwa ametoka Shinyanga akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hapa Nyabusozi alipanda migomba, na sasa ilikuwa ikizaa. Hapa watoto walianza shule. Kuhama tena? Lakini alijua kuwa mumewe hatanii, kwa sababu ya paa la jiko. Lilikuwa likivuja tangu mwaka uliopita. Kila Nyamizi alipoomba liezekwe upya, Ngassa alimjibu vilevile: "Paa la nini? Mwakani hatujui tutakuwa wapi." Kwa hiyo Nyamizi alipika akiwa ameweka beseni karibu na mafiga, kukinga matone.

Siku ya mnada, Ngassa alirudi na chupa ya dawa. Chupa ile haikuwa na karatasi wala maandishi.

"Mtu aliyeniuzia ameniambia inaua kila kitu," alisema. "Kesho naimwaga kwenye kichuguu."

Bibi Mbuke, mama yake Ngassa, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

"Kichuguu kipi?"

"Kile cha nyuma ya migomba, mama."

"Changu?"

"Mama, kichuguu hakina mwenyewe."

"Ala! Na kumbikumbi uliokuwa ukipora kwenye ungo wangu ulipokuwa mdogo, nao hawakuwa na mwenyewe? Pale ndipo ninapokinga kumbikumbi kila mvua. Pale ndipo Nyamizi anapong'oa uyoga. Wewe unataka kutulisha sumu?"

"Mama, mchwa wanatumaliza!"

"Na chupa yenyewe haina hata jina. Mgeni asiyetaja jina lake, unamfungulia mlango?"

Asubuhi iliyofuata Ngassa alichukua chupa yake, akaenda nyuma ya migomba. Alimkuta mama yake ameketi juu ya kichuguu. Alikuwa amekuja na kigoda chake, kanga ameifunga vizuri, na fimbo ipo magotini.

"Mwaga," alisema Bibi Mbuke. "Anza na mimi."

Ngassa aliona aibu, akacheka, kisha akakasirika tena. Nyamizi hakusubiri waelewane. Alijitanda kanga, akaenda mbio hadi kwa jirani yao Matiasi. Alikuwa ameona pikipiki ya bibi shamba imeegeshwa pale.

Bibi shamba, yaani afisa ugani wa kata, aliitwa Zita. Alikuwa Mhangaza kutoka Kirushya, wilayani Ngara. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na viatu vyenye matope. Alimsikiliza Nyamizi, akawasha pikipiki, akampakia.

"Shikamoo, bibi," Zita alimsalimu Bibi Mbuke.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usishangae kunikuta huku juu. Niko kazini, nalinda."

Zita alicheka. Aliomba kwanza atembezwe shambani. Alitembea taratibu kati ya mistari. Alichuchumaa, akafukua kidogo, akasimama.

"Mabua ya mwaka jana yako wapi?" aliuliza.

"Tuliyachoma," alijibu Ngassa kwa fahari.

"Yote?"

"Halikubaki hata moja. Uliza mtu yeyote hapa."

"Na nyasi? Majani makavu?"

"Tulifagia."

"Basi niambie, kaka yangu," alisema Zita. "Ulitaka mchwa wale nini?"

Nyamizi alitazama ardhi ile nyekundu, tupu, iliyofagiliwa. Kweli, hapakuwa na kitu kingine cha kuliwa isipokuwa mahindi yao.

"Mchwa hupenda zaidi vitu vilivyokufa," Zita alieleza. "Bua kavu, jani kavu, kinyesi kikavu cha ng'ombe. Anavila, anavisaga, na udongo unapata rutuba. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini akikosa vikavu, atakata vibichi. Hasa jua linapokuwa kali na mahindi yakawa dhaifu."

"Sasa si ndiyo maana nataka kuwaua?" alisema Ngassa.

"Subiri. Tuanze juu, kwenye jua. Jani la hindi linapokea nguvu ya jua na kuitumia kutengeneza chakula. Nguvu hiyo inakaa ndani ya bua na punje. Wewe ukila ugali, unapata nguvu iliyotoka kwenye jua. Mchwa akila bua, naye vilevile. Anayemla mchwa, naye anapata sehemu yake. Nguvu inapita hivyo, kutoka mmoja hadi mwingine. Wewe ulipochoma mabua, chakula cha viumbe wengi kiliisha kwa siku moja. Nguvu yote ilipanda na moshi."

Bibi Mbuke, ambaye alikuwa ameshuka kwenye kichuguu ili asipitwe na maneno, alitikisa kichwa.

"Na nguvu hiyo, inafika yote kwa anayekula?" aliuliza.

"Swali zuri, bibi. Ukimlisha kuku debe zima la mahindi, unapata debe la nyama?"

"Thubutu! Unapata paja na kelele."

"Na mahindi mengine yamekwenda wapi?"

"Si katika kukimbia! Kuparua, kuwika, kugombana."

"Ndivyo hasa," alisema Zita. "Kiumbe hutumia nguvu nyingi kwa kuishi tu, na nguvu hiyo hutoka mwilini kama joto. Inayobaki kwa atakayemla ni kidogo. Ndiyo maana nyasi na mabua ni mengi sana. Mchwa wanaokula vitu hivyo ni pungufu. Na wanaokula mchwa ni wachache zaidi. Sasa nambieni, hapa kwenu nani anakula mchwa?"

"Mimi," alisema Bibi Mbuke.

Wote wakacheka, hata Ngassa.

"Na kuku," aliongeza Nyamizi. Kisha alikumbuka kitu. Alikuwa amekiona mara nyingi akienda kuteka maji. Mstari mweusi ukikatiza njia, ukienda kichuguuni. Baadaye mstari uleule ukirudi, na kila mmoja ana kitu cheupe mdomoni.

"Sungusungu," alisema polepole.

"Sungusungu," Zita aliitikia. "Hao chakula chao ni mchwa, hawana kingine. Wanavamia, wanabeba, wanarudi nyumbani. Hapa wapo?"

Nyamizi alimtazama mumewe. Ngassa alitazama viatu vyake vya katambuga.

"Walikuwepo," alisema. "Niliwachoma. Walimuuma ndama."

Bibi Mbuke alipiga makofi kwa mshangao. "Mwanangu! Umewachoma sungusungu, halafu unalia kwamba wezi wameingia! Kule kwetu mtu aliyewagusa sungusungu, walinzi wa kijiji, wangemwitia mkutano!"

"Mama, basi..."

"Basi nini? Toa faini ya mbuzi!"

Zita alisubiri kicheko kipungue. "Usimlaumu sana, bibi. Watu wengi hufanya hivyo. Lakini kumbukeni: wanaokula wengine daima ni wachache. Mchwa wanazaliana haraka, watajaa tena. Sungusungu hawarudi haraka. Na sumu hiyo ingewamaliza wote pamoja, na kuku wanaowadonoa, na labda na ninyi, kwa kumbikumbi na uyoga."

Nyamizi aliuliza swali lililokuwa likimchoma moyoni. "Dada Zita, mahindi haya yatapona? Baba Diana anasema tukivuna vibaya, tunahama."

Zita aliitazama mistari ya mahindi. "Yaliyolala hayataamka," alisema. "Na mengine machache yataanguka. Siwezi kukudanganya. Lakini mengi bado yamesimama. Kateni nyasi kavu, mzitandaze katikati ya mistari, mbali kidogo na mashina. Wapeni mchwa chakula chao, waache chenu. Halafu, mna dagaa?"

"Wapo wa mboga," alisema Nyamizi.

"Nataka chenga tu. Vile vichwa na vumbi linalobaki chini ya gunia. Nyunyizeni shambani, huku na huku. Sisimizi wadogo watafuata harufu. Wakifika watakuta mchwa, watajenga hapohapo."

Ngassa alishindwa kujizuia. "Nilishe wadudu dagaa? Mimi mwenyewe leo nakula majani ya maboga!"

"Utawalisha siku chache," alisema Zita. "Wao watakulindia msimu mzima."

Aliondoka na chupa ya sumu, akaahidi kuifikisha ofisini iharibiwe kwa njia salama.

Kazi ilianza jioni ileile. Ngassa alikata nyasi bondeni, akazibeba mzigo baada ya mzigo. Nyamizi alizitandaza. Bibi Mbuke alipita nyuma yao na bakuli la chenga za dagaa, akinyunyiza kama anayelisha vifaranga. Matiasi alipita njiani, akasimama, akashika kiuno.

"Ngassa, mboga nimeiona," alisema. "Ugali unawapelekea lini?"

"Nenda zako, Matiasi," alisema Ngassa. Safari hii hakutabasamu. Shamba lake safi lilikuwa limejaa takataka, na zote alizileta kwa mikono yake.

Siku zilipita. Nyamizi alikwenda shambani kila asubuhi. Mwanzoni mabua yaliendelea kuanguka, moja hapa, moja pale. Baadaye aliona udongo mwembamba umepanda juu ya nyasi, siyo juu ya mashina. Mchwa walikuwa wanakula nyasi. Asubuhi moja aliinua fungu la nyasi, akaona sisimizi wengi wadogo. Wawili walikuwa wakivuta mchwa mmoja mnene, huku wakianguka na kuinuka.

"Vuteni," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Vuteni, wanangu."

Mvua ilirudi. Mahindi yaliyosimama yalibeba. Wakati wa kuvuna, kihenge hakikujaa hadi mdomoni, lakini kilipita katikati. Kingewafikisha msimu mwingine. Ngassa alikizunguka, akakigonga kwa kiganja, akaguna tu. Hakusema kuhama, wala hakusema kubaki. Beseni lilibaki palepale karibu na mafiga.

Kiangazi kilipokuja, Ngassa alikwenda shambani akiwa na kiberiti mfukoni, kwa mazoea. Alisimama mbele ya mabua, akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Sehemu ya mabua aliwapa ng'ombe. Mengine aliyalaza katikati ya mistari. Wapita njia hawakulisifu tena shamba lake. Lakini Matiasi alikuja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama dagaa wale ni wa Ziwa Victoria au hata wa kwingine wanafaa.

Mvua za vuli zilipoanza tena, Bibi Mbuke alikinga kumbikumbi kichuguuni kwake, akajaza ungo. Mahindi mapya yalipanda, yakafika kiuno, na jua likawaka kama mwaka uliopita. Mabua machache sana yalilala.

Siku moja Nyamizi alikuwa akitoka kuteka maji. Mbele yake alimwona Ngassa akirudi kutoka bondeni na mzigo mkubwa wa nyasi kichwani. Ghafla Ngassa alisimama katikati ya njia. Alisimama hivyo, shingo imekaza, jasho likimtiririka.

"Umeumwa na nini?" Nyamizi aliuliza alipomfikia.

"Tazama chini."

Nyamizi alitazama. Mstari mweusi ulikuwa unakatiza njia, unatoka upande wa kichuguu, unaelekea kwenye mpaka wa shamba. Kila sungusungu alikuwa na mchwa mdomoni.

"Wamerudi," alinong'ona.

"Wamerudi. Waache wapite, wako kazini."

Wakasimama pamoja, yeye na ndoo yake, mumewe na mzigo wake, hadi yule wa mwisho alipovuka.

"Twende basi," alisema Nyamizi. "Nikusaidie kuzitandaza hizo nyasi."

"Hizi si za shambani," alisema Ngassa, akaanza kutembea. "Shamba lina za kutosha. Hizi ni za paa la jiko."

Nyamizi alimfuata nyuma. Alipofika nyumbani alitua ndoo, akaingia jikoni, akalitoa lile beseni nje.