Kivuli Kilichokaa Mtini

Aliyeona kwanza alikuwa mtoto, na kwa kuwa mtoto huyo hakuwa na kawaida ya kunyamaza, babu yake hakumsikiliza.

"Babu, mbona juu ya mti hakuna mtu, lakini kwenye kivuli chake yupo?"

Babu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Robo, alikuwa ameinamia meza ya kazi, penseli sikioni, futi ya kupimia mkononi. Jina hilo alilipata siku alipomrudishia muuza mbao ubao wake, akavuka nao mitaa miwili huku watu wakimcheka, kwa sababu ulipungua robo inchi. Kwa miaka arobaini alikuwa akitengeneza fremu za picha katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba kona imeachia. Mjukuu wake, msichana wa miaka sita, walimwita Chiriku, na mtu akikaa naye dakika tano alijua ni kwa nini. Mama yake alikuwa ameajiriwa mji mwingine. Siku ya kuondoka alisema, "Baba, nimekuachia mboni ya jicho langu," kisha akapanda gari bila kugeuka nyuma.

"Kile kivuli kina matawi tu," alisema Fundi bila kuinua kichwa.

"Yupo, babu. Amekaa. Amekunja magoti hivi. Nimpe shikamoo?"

"Mpe."

"Shikamoo!" Chiriku alinyamaza kidogo. "Ameitikia."

Mti huo ulikuwa ndani ya picha iliyoletwa asubuhi ile na mjane wa mchoraji. Ilikuwa picha ya kisasa, ya wale wachoraji wanaoacha mengi bila kuyachora. Jangwa lilikuwa mapande matatu ya rangi, njano, kahawia, na weupe wa mfupa, yamelazwa moja juu ya jingine. Mbingu haikuwa na buluu hata kidogo. Katikati ulisimama mti usio na jani, matawi saba yaliyopindwa kama waya, na kivuli chake kilianguka upande wa kulia, kirefu, cheusi. Kuzunguka pande zote nne, ukingoni kabisa, palipita mstari mweusi wenye upana wa kidole. Mjane alikuwa amekuja na mbao zake mwenyewe, zilizotolewa kwenye mlango wa chumba alichokuwa akichorea marehemu. Alitaka fremu itokane na mbao hizo na si nyingine.

Sasa, futi ya Fundi Robo ilikuwa imekatika inchi ya kwanza. Hakutaka kununua nyingine. Alianzia kupima kwenye namba moja, kisha akatoa moja, na kwa miaka kumi na tano akili yake ilifanya hesabu hiyo yenyewe. Upana wa picha ulisoma ishirini na tisa. Akatoa moja, akaandika ishirini na nane. Ndipo mtoto aliposema, "Ameitikia," na Fundi akajikuta ametazama mlangoni bila kujua anatazama nini. Aliporudisha macho kwenye karatasi, akatoa moja tena.

Akakata mbao. Akaunganisha kona, akapaka gundi, akagonga misumari. Jioni alipojaribu kuiingiza picha, haikuingia.

Alikaa kitako kwenye kigoda. Mbao nyingine za mlango ule hazikuwepo, na kumwambia mjane kwamba Fundi Robo amekosea inchi nzima, hilo lilimshinda. Aling'oa vimisumari vya nyuma, akakitoa kitambaa cha picha kwenye kiunzi cha mbao kilichokinyoosha, akakipunguza kiunzi, akachukua rula na kisu. Akakata inchi moja upande wa kulia. Mstari mweusi wa upande huo ukaondoka wote, kipande kirefu chembamba kama utepe.

"Babu, umekata picha ya watu!"

"Shh. Chukua hiki, mfunge mwanasesere wako mkanda. Na bibi yako usimwambie."

Mtoto alicheka, akakimbia na mkanda wake. Fundi alipotaka kunywa maji, aliikuta glasi yake kavu. Aliishika mkononi muda mrefu, maana alikumbuka vizuri kwamba ameijaza na hajaigusa, tena ndani yake mlikuwa na vumbi.

*

Siku ya pili Chiriku aliamka na kiu. Alikunywa kikombe, akanywa cha pili, akanywa mtungi mdogo wa mezani hadi ukaisha. Bibi yake akatania.

"Wewe mtoto, utaota samaki tumboni."

Lakini mchana midomo yake ilikuwa imepasuka, na ulimi wake mkavu kama kipande cha kitambaa. Nyumba ikaanza kunuka harufu ya mchanga uliochomwa na jua. Bibi alifagia mara tatu, na kila mara akazoa vumbi jeupe lililo laini kuliko unga. Ndoo iliyojazwa asubuhi ilikutwa saa sita imebaki na unyevu wa chini tu, na haikuwa na tundu. Na juu ya dari, ingawa hapakuwa na mti wowote karibu na nyumba ile, kulisikika tawi kavu likikwaruza bati, likiacha, likikwaruza tena, kama mtu anayejaribu kucha zake.

"Mzee," bibi alinong'ona, "unasikia?"

"Upepo."

"Upepo gani? Nguo zangu kwenye kamba hazijatikisika."

Mganga wa zahanati alimpima mtoto, akasema hana homa, apewe maji kwa wingi. Walimpa. Yaliingia mwilini kama maji yanavyoingia mchangani, bila kuacha alama, na kufikia siku ya tatu Chiriku alikuwa amekoma kusema kabisa.

"Nilikuwa namwambia kila siku anyamaze," alisema bibi, ameshika mlango. "Kumbe zile kelele ndizo zilizokuwa zinaniweka hai."

Saa nne asubuhi alimbeba mtoto uani apate hewa, akamsimamisha kwenye jua huku akimshika mkono. Kisha Fundi akasikia akiitwa, si kwa kelele, bali kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

"Mzee. Njoo polepole. Usiseme kitu. Tazama chini."

Kivuli cha bibi kilikuwa cha bibi. Cha mtoto kilikuwa na vishungi vyake viwili vya nywele, na mikono yake miembamba, na juu ya mabega yake, pale ambapo mabega yenyewe hayakuwa na kitu, alikuwa amekaa mtu aliyekunja magoti, kichwa chake kimeinamia kichwa cha mtoto kama anayekunywa kisimani.

Fundi alikimbilia chumba cha mbele, akaitazama picha iliyokwisha fungwa ndani ya fremu yake nzuri, akakifuata kivuli cha mti kwa kidole, tawi la kwanza, la pili, la tatu, hadi la saba, akarudia tena kutoka la saba hadi la kwanza. Kilikuwa kivuli cha matawi matupu.

*

Mjane alikuja saa nane kuchukua kazi yake. Alikuwa mama mwembamba, wa maneno machache. Hakuisifu fremu. Aliitazama picha kwa muda wa pumzi tatu.

"Fundi, mstari wa kulia uko wapi?"

"Umefunikwa na fremu, mama."

"Na aliyekuwa amekaa, naye amefunikwa na fremu?"

Fundi Robo aliitoa penseli sikioni, akaiweka mezani. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini, alisema mbele ya mteja, "Nilikosea kipimo. Nikakata." Na baada ya hilo yote yalimtoka, kiu, ndoo, vumbi, na kile kilichokaa mabegani kwa mjukuu wake.

Mjane alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mume wangu alikwenda jangwani kuchora," alisema. "Akapumzika chini ya mti mkavu, aliporudi alirudi na kivuli cha watu wawili. Ni jini asiye na mwili. Hukaa kwenye kivuli cha kitu kingine, na anachokitaka duniani ni maji tu. Mume wangu alikonda hadi nikamnunulia sanda. Ndipo akamchorea jini huyo mti wake, akamwacha ashuke, akafunga pande nne kwa mstari. Miaka ishirini na moja amekaa mle. Wewe umemfungulia mlango."

"Na mtoto?" aliuliza bibi kutoka mlangoni. "Mama, tuambie habari ya mtoto."

"Hadi kesho sidhani atafika. Kile kipande kipo?"

Walikitafuta chini ya meza, kwenye takataka, hadi Fundi alipokumbuka. Walimkuta Chiriku amelala ubavu, macho wazi, mwanasesere kifuani, mkanda ungali kiunoni mwake, mzima.

Mjane alieleza taratibu, akirudia kila neno kama anayempima mtu uelewa wake. Jua likishuka vivuli virefuke, picha ilazwe uani. Mtoto asimame kushoto kwake, kivuli chake kianguke juu ya picha. Yule atashuka mwenyewe, maana pale ndipo kwake. Akishaketi mtini, mtoto aondolewe, kivuli chake chote kitoke, hadi unywele wa mwisho. Ndipo kipande kirudishwe na kubanwa.

"Si kabla, fundi. Umenielewa? Si kabla."

"Nimeelewa."

Saa kumi na nusu walikuwa uani. Fundi alikuwa ameivunja fremu yake kwa mikono yake, na picha imelala chali juu ya udongo, ukingo wake wa kulia umepakwa gundi, na yeye amepiga magoti, kipande mkononi. Bibi alimsimamisha mtoto kwa kumshika kwapani. Kivuli chenye vishungi viwili kikaanguka juu ya jangwa lile la rangi, njano, kahawia na weupe, kikaufikia mti, na wote watatu waliokuwa pale wakaacha kupumua.

Mkwaruzo wa darini ukakoma. Yule wa mabegani aliinua kichwa. Akakunjua mguu mmoja, mrefu kuliko inavyostahili, akaushusha juu ya kivuli cha tawi, kisha wa pili, na Fundi akaona kwa macho yake namna anavyojivuta kutoka mabegani mwa mtoto kama mtu anayetoka majini bila kupenda, huku harufu ya mchanga wa moto ikimpiga usoni, na machozi yake yakikauka kabla hayajafika shavuni.

"Anashuka," alinong'ona mjane. "Ngoja. Ngoja."

Na wingu likapita.

Lilikuwa wingu dogo tu, lakini lilifunika jua, na pale pale vivuli vyote uani vikafutika, cha bibi, cha ukuta, cha mtoto, na hata kile cha mti ndani ya picha kikazama katika ukungu mmoja wa kijivu ambamo hakuna aliyeweza kuonyesha huyu ni nani na yule ni nani. Mtoto akapiga yowe. Bibi akamvuta kifuani. Kutoka kwenye picha kukasikika kukwaruza, karibu mno, upande wa kulia, upande ulio wazi, kucha zikitafuta ukingo, na Fundi Robo, ambaye hakuwahi kubana kitu kabla ya kukipima, alifikiria jambo moja tu, kwamba anatoka tena, anatoka, na akakishusha kile kipande mahali pake na kukikandamiza kwa mikono yote miwili na uzito wake wote.

"Fundi!" alipiga kelele mjane.

Jua likarudi. Mstari mweusi ulikuwa umekamilika pande nne. Kwenye kivuli cha mti alikuwa amekaa mtu. Na Chiriku, mikononi mwa bibi yake, alisema kwa sauti safi, "Bibi, nishushe, umenibana."

Bibi alilia kwa furaha, akambeba ndani, mtoto akiongea njia nzima.

Mjane alibaki ameinamia picha. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Fundi, akafunga mtandio wake.

"Baki nayo," alisema. "Mimi siwezi kuiweka ukutani kwangu."

"Kwa nini, mama?"

Alimwonyesha kivuli cha mti kwa kidole. Fundi aliinama mwenyewe. Aliyekaa kwenye kivuli cha tawi la tatu alikuwa mdogo, mdogo kuliko yule wa zamani, miguu yake inaning'inia, na kichwani alikuwa na vishungi viwili.

*

Mama yake Chiriku alikuja mwezi uliofuata. Alimkuta mtoto amenenepa, mchangamfu, anazungumza tangu asubuhi hadi usiku. Alimshukuru baba yake, akambusu mkono. Jambo moja tu lilimshangaza, nalo alilisema kwa kucheka: tangu afike hajamwona mtoto akinywa maji, lakini mtungi wa mezani hauishi kukauka.

"Na mbona hapendi kucheza juani, baba?"

"Jua kali," alijibu Fundi Robo.

Siku hizi hapokei kazi. Amefunga chumba cha mbele, na ufunguo anautunza shingoni. Kila jioni huingia na glasi ya maji, akaiweka chini ya picha, akaijaza hadi pomoni, akapima kwa jicho isipungue hata robo. Halafu hukaa kwenye kigoda na kuongea. Humsimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, paka wa jirani kazaa wangapi, yote ambayo mtoto fulani alikuwa akipenda kuyajua, na kila akimaliza habari moja hunyamaza kidogo kumpa nafasi ya kujibu.

Hajajibiwa hata siku moja. Lakini asubuhi huikuta glasi kavu.