Jina Kwenye Pindo la Kikwembe

Saa kumi na moja na nusu asubuhi kengele ya bweni ililia kama kawaida, yaani bila huruma. Wasichana walitandika vitanda, wakafagia, wakasali, wakanywa uji wenye sukari ya kuhesabika, huku Ziwa Kivu likiwa bado limejifunika ukungu. Ornella peke yake hakunung'unikia uji. Mtu ambaye mchoro wake umechaguliwa kuwa kikwembe, kitenge cha yubile ya shule, hanung'uniki. Anakunywa taratibu, kama waziri.

Shule ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano, na siku ya sherehe wanafunzi, walimu na wazazi wangevaa kitambaa kimoja. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuleta mchoro. Chantal, aliyelala kitanda cha jirani, alileta mchoro wa penseli wa wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani. Ornella alileta korongo wa bluu mwenye taji, mzuri hata Masera Colette, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, akafuta miwani mara mbili ili amtazame vizuri.

Ukweli ni kwamba korongo huyo alipakuliwa mtandaoni siku ya Jumatano, katika chumba cha kompyuta, kwa dakika nne. Chini ya mguu wake palikuwa na jina dogo. Ornella alilikata.

Rafiki yake Gloire aliona. "We, na ile jina ya pale chini?"

"Ilikuwa inaharibu miguu ya ndege."

"Lakini iko jina ya mutu!"

"Gloire, mtandao ni kama mvua. Mwenye beseni anakinga. Wameandika 'bure', na mimi najua kusoma."

Jumamosi, Prof Polycarpe, mwalimu wa kompyuta, alimwita. Mchoro ungetumwa kiwandani Jumatatu.

"Ornella, wachapaji wanataka kitu kimoja tu. Kwenye pindo la kikwembe wataandika jina la aliyechora. Litajirudia kila mita. Niandike Ornella tu, ama na jina la papa yako?"

Ornella aliviona viuno mia tatu vikicheza siku ya yubile, vyote vimezungushiwa uongo uleule. Kiuno cha mbele kabisa kilikuwa cha mama yake, aliyekwisha kuitangazia kwaya nzima ya kwao Katana kwamba mtoto wake ni mchoraji.

"Prof, usiniandike."

"Nimwandike nani basi?"

"Sijui. Jina lake nililikata."

Prof alivuta kiti cha pili, wakaufungua ukurasa wa mtandao alikompata korongo. Chini ya neno "bure" palikuwa na mistari mitatu ambayo Ornella, msomaji hodari, hakuisoma: mchoro unaweza kutumiwa katika masomo, mradi jina la mchoraji litajwe, na anayetaka kuuchapisha kwenye bidhaa aombe ruhusa kwanza. Mchoraji aliitwa Maisara, mkaaji wa Uvira. Ornella alimwandikia mwenyewe, akakiri kila kitu.

Jibu lilifika kabla ya chakula cha jioni. "Mdogo wangu, asante kwa kuuliza, ingawa umeuliza ukiwa umeshakata. Ndege huyo nimekwisha kumwahidi kwa ushirika wa mafundi cherehani wa huku. Kwa zoezi la darasani, mchukue, uandike jina langu. Kwa kikwembe, hapana."

Jumapili baada ya misa, Ornella alijipeleka mwenyewe kwa Masera Colette. Korongo akaruka zake, na wavuvi wa Chantal wakachukua nafasi. Bwenini walimcheka: "Mchoraji wa dakika nne!" Ornella alivumilia, maana hesabu ya dakika ilikuwa sahihi.

Lakini wavuvi wale walikuwa kwenye karatasi, na kiwanda kilitaka faili lenye rangi. Chantal alikuja amekunja mikono.

"Mimi sijui kompyuta, wewe unajua. Lakini ukikata jina yangu, mimi nakukata nywele."

"Sawa. Niambie kwanza, mbona samaki wako wana masikio?"

"Ni mapezi, we!"

Walikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Kabla ya kila rangi, Ornella aliuliza. Chantal alipokataa mtumbwi wa zambarau, Ornella aliufuta. Jua lilipotua faili lilikuwa tayari, na Prof akaandika maneno ya pindo: *Mchoro: Chantal. Rangi: Ornella.*

Masera Colette aliyasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Binti zangu, kitu kuwa bure si kusema hakina mwenyewe. Shamba lisilo na ua bado lina mtu aliyelilima. Kabla ya kutumia kazi ya mtu, soma masharti yake na utaje jina lake. Ukitaka kuifanyia zaidi ya alivyoruhusu, mwombe. Akikubali, mshukuru."

"Na akikataa, Masera?" aliuliza Ornella, ambaye alikuwa na sababu ya kuuliza.

"Akikataa, mwanangu, chukua penseli uchore ya kwako."