Skonzi Zilizopotea Kwenye Kompyuta

Kila jioni, akishavua sare ya shule, Kidosho alikaa mbele ya kompyuta katika duka la mikate la shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kuingiza idadi ya mikate na skonzi zilizouzwa. Safu ya mkate ilikuwa juu. Ya skonzi ilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Basi mwenzetu, kwa uvivu wa kuteremka, alijumlisha vyote akaandika kwenye mkate, kisha mbio kwenda kuruka kamba. Nani angejua?

Jumamosi moja shangazi alimwita Mama Skonzi, mpishi wake.

"Dada yangu, sijui nianzie wapi. Kompyuta inashauri tuache skonzi. Haziuzwi. Mwisho wa mwezi itabidi tuagane."

"Haziuzwi? Mbona sinia zangu zinarudi tupu?" Machozi yalimlengalenga. "Na wanangu nitawalisha nini?"

Kidosho alikuwa anafuta meza. Aliyasikia yote. Akinyamaza, mama wa watu atakosa kazi.

"Shangazi, ni mimi. Skonzi zote niliziandika kwenye mkate."

"Alaa!" Shangazi alikaa chini. "Hebu sikiliza. Humu mna mifumo miwili. Mfumo wa taarifa unatunza yaliyotokea na kunipa ripoti: kimeuzwa nini, kimebaki nini. Mfumo wa kusaidia uamuzi unachukua taarifa hizohizo, nami nauuliza: nikiacha hiki, itakuwaje? Huu wa pili hauna macho. Unakula ulichopikiwa na wa kwanza."

"Na wa kwanza niliulisha uongo," Kidosho alisema kwa aibu.

"Hata mimi nimekosea. Nilisoma ushauri, sikwenda kutazama sinia."

Walichukua risiti, wakasahihisha kila safu, wakauliza upya. Safari hii jibu lilikuwa: ongeza skonzi, punguza mkate.

"Kumbe kompyuta ilikuwa na njaa ya ukweli!" Mama Skonzi alicheka huku akijifuta macho.

"Kompyuta inashauri, mtu ndiye anayeamua," shangazi alisema. "Lakini uamuzi mzuri unaanza kwa anayeandika ukweli, hata pasipo wa kumwona. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Haya, omba radhi."

Kidosho alimwomba Mama Skonzi radhi.

"Nimekusamehe. Ila kesho njoo tukande unga pamoja. Ukilijua jasho la skonzi moja, hutaiita mkate tena."